Fundi Aliyekosea Mlango

Asubuhi ile pale Mwigobero, kwenye mwalo wa samaki wa Musoma, Najat alikuwa ameshika daftari mkono huu na kalamu mkono ule, anawahoji akina mama wauza dagaa utadhani karani wa sensa. Dera lake la zambarau lilikuwa limelowa pindoni, mtandio umemteleza mpaka mabegani, na vile viatu vyake vyeupe, Mungu amsamehe aliyemshauri kuvivaa mwaloni, vilishajaa magamba ya sato.

"Shikamoo, mama. Samahani, mtaani kwenu maji yanatoka siku ngapi kwa wiki?"

"Marahaba. Unanunua dagaa au unanunua maji?" mama mmoja alimjibu, na wenzake wakaangua kicheko.

"Natafuta chumba cha kupanga, mama."

"Mwaloni?"

Kicheko kikazidi. Najat alikuwa anafunga daftari lake kwa aibu aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, ukitafuta chumba usiwaulize wauza samaki. Muulize fundi wa vitanda."

Aligeuka. Kijana mrefu, mweusi, penseli sikioni, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, na sato wawili wabichi wananing'inia kidoleni mwake kwa kamba.

"Kwa nini fundi wa vitanda?"

"Kwa sababu kila anayehamia anahitaji kitanda, na wa kukiingiza ndani ni mimi. Najuaga milango yote ya mji huu. Kuna nyumba ina mlango mpana na mwenye nyumba ana roho ya korosho. Kuna nyingine mlango wake mwembamba, unaingiza godoro kwa kulikunja, lakini mama mwenye nyumba hana neno na mtu."

"Na hao samaki nao umewatafutia chumba?"

"Hawa wameshapata. Kwenye chungu."

Najat alicheka kabla hajajizuia. Kijana akajitambulisha kwa jina la Luqmani, karakana yake iko mtaa wa Kamunyonge, na akasema kama dada ana dakika ishirini angemwonyesha nyumba mbili tatu, bure, ila samaki wasioze. Sasa wewe msomaji utasema binti mwenye akili zake hamfuati mwanamume aliyekutana naye mwaloni. Kweli. Najat alimfuata hatua kumi nyuma, mchana kweupe, na njia nzima alikuwa anaandika.

Binti huyu alikuwa wa Bunda mjini, mtoto pekee wa Bi Hasna muuza vitambaa. Baba alikwishatangulia mbele ya haki. Najat alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili chuoni Butiama, na utafiti wake ulikuwa wa dagaa: wale wanaoanikwa mchangani na wale wanaoanikwa juu ya chanja, wapi wanakauka vizuri na wapi wanaharibika. Chuo kiko Butiama, dagaa wako Musoma, mama yuko Bunda. Kwa muda alikuwa anajibanza hosteli mjini Musoma; mahali pake mwenyewe pa kulala hapakuwa popote.

Na hapo ndipo palipokuwa na uzito wake. Tangu kidato cha kwanza Najat alilala bweni, kitanda cha juu, namba ya kuandikiwa na matroni. Chuo cha kwanza akalala hosteli, chumba cha kupangiwa. Likizo zote kwa mama, chumba alichozaliwa. Umri miaka ishirini na sita, hajawahi hata siku moja kusema "mimi nitalala hapa" na mtu akamsikia. Alipomwomba mama yake safari hii achague mwenyewe, Bi Hasna alisema, "Chagua. Ila ukishachagua, mimi hapa dukani nisisikie neno."

Kwa hiyo daftari. Mistari mitatu: Kamunyonge, Butiama, Bunda. Juu yake safu: maji, umeme, kelele, umbali na chuo, umbali na ziwa, umbali na mama. Safu ya saba, umbali na fundi, iliongezwa wiki ya tatu. Kwa penseli.

Maana wiki ya tatu mambo yalishakolea. Luqmani ndiye aliyemtengenezea chanja za utafiti, akagoma kuziacha mpaka ziwe sawasawa kwa pimamaji. "Dagaa nao ni viumbe," alisema, "hawatakiwi kulala wameinama." Alikuwa anamletea chai ya tangawizi mwaloni kwenye chupa. Jioni simu ikilia, Najat alikuwa anaiacha iite mara tatu ili asionekane na haraka, na ya tatu haikuwa inafika.

"Mtafiti wangu, leo dagaa wamesemaje?"

"Wamesema fundi ana maneno mengi."

"Hawajasema wanammisi?"

"Dagaa hawamisi mtu, Luqmani."

"Basi nauliza anayewaanika."

"Anayewaanika amechoka, anataka kulala." Na hapo walikuwa wanaongea saa nzima nyingine.

Chumba cha Kamunyonge kilikuwa kwa Mama Masatu, mjane mnene mwenye sauti ya kwaya, na kwa kweli kilikuwa chumba kizuri. Upepo wa ziwa, maji ndani ya ua, mlango mpana. Na ukisimama dirishani unasikia randa ya Luqmani ikikwangua mbao mtaa wa pili. Najat aliandika yote hayo, akakaa nayo. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, akapiga simu mwenyewe.

"Fundi."

"Naam, laazizi."

"Nataka kitanda."

"Cha futi ngapi?"

"Tatu na nusu kwa sita. Cha mtu mmoja. Usicheke."

"Sijacheka. Nimekohoa."

"Na kisipelekwe popote mpaka nikwambie mtaa. Ijumaa nakwenda Butiama, Rhobi amenitafutia chumba nikakione. Nikirudi nachagua."

"Utachagua Kamunyonge."

"Nitachagua mwenyewe."

"Ndiyo hivyo. Mwenyewe. Kamunyonge."

Najat alicheka, na hilo lilikuwa kosa lake yeye, maana Luqmani alikichukua kile kicheko akakiona ni sahihi iliyowekwa chini ya barua.

Rhobi alikuwa mwanafunzi mwenzake, binti wa Kikurya mwenye kicheko kikubwa na ndugu kila kijiji. Nyumba aliyokuwa akiishi Butiama ilikuwa ya shangazi yake, Mama Mseti, kando ya njia ya kwenda Mwitongo, na chumba kimoja kilikuwa wazi. Mlango mwembamba. Maji asubuhi tu. Umeme unakuja ukipenda. Najat aliingia, akaketi sakafuni, akaegemea ukuta. Dirishani kulikuwa na mawe makubwa yaliyopandana, shamba la mtama, na ng'ombe wawili waliosimama bila kazi. Chuo ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Hakuna aliyemwita. Aliketi vile mpaka Rhobi akaja kumchungulia.

"Umelala?"

"Hapana. Nasikia akili yangu inavyofanya kazi."

"Hee! Inatoaga sauti?"

"Hapa nitaandika, Rhobi. Kule Kamunyonge nitakaa dirishani nasikiliza randa." Alisema hivyo, na papo hapo moyo ukamuuma, kwa sababu randa ile aliipenda. Lakini alishajua. Alifungua daftari, akaweka alama kwenye mstari wa Butiama, akatabasamu peke yake. Kesho angemwambia Luqmani, wangebishana kidogo, wangecheka.

Simu ikaita. Mama.

"Najat."

"Abee, mama. Shikamoo."

Bi Hasna hakuitikia. "Umeletewa kitanda Kamunyonge."

"Kitanda gani?"

"Tano kwa sita. Mninga. Kina maua kichwani. Nimeambiwa mpaka vigelegele vimepigwa. Mimi mama yako nimeambiwa na mteja, nimeshika futi ya kupimia kitambaa mkononi, mbele ya watu. Hongera."

Simu ikakatwa.

Tuelewane hapa. Kwa akina Bi Hasna, kitanda si fanicha tu. Mwanamume anakwenda kuposa, anatoa mahari, ndoa inapangwa, na siku chache kabla ya harusi ndipo kitanda kinaletwa kwa bi harusi, hadharani, na vigelegele. Kitanda kikitangulia posa, mtaa unaelewa jambo moja tu: hao wawili wanaishi kinyumba, na wazazi wa binti hawana habari. Luqmani hayo alikuwa anayasikia kwa mbali. Alilelewa karakanani na fundi wake, hakulelewa na mashangazi. Yeye kitanda alikijua kwa futi. Kila wiki anaingiza vitanda vinne kwenye milango ya watu, anafuta jasho, anaondoka. Ndivyo alivyoingiza na hiki Alhamisi jioni, kumshtukiza mpenzi wake akirudi Butiama akute chumba kimeshakuwa chumba. Naye Mama Masatu, mtu wa kanisani asiyejua taratibu za wenzake ila anayejua harusi inafananaje, alipoona kitanda kipana kinashuka akapiga vigelegele hadi barabarani.

Jumamosi asubuhi Najat alisimama mlangoni pa karakana. Luqmani alizima mashine, akaja mbio anatabasamu, kisha akauona uso wake, tabasamu likaisha.

"Mimi niliagiza cha futi ngapi?" Najat aliuliza taratibu.

"Tatu na nusu. Lakini mpenzi, chumba kile ni kikubwa, cha tatu na nusu kingepotea..."

"Nilikwambia nimechagua chumba kile?"

"Nilijua tu."

"Ulijuaje na mimi mwenyewe nilikuwa sijui?"

Luqmani alishika penseli yake ya sikioni, akairudisha. "Nilitaka kukufurahisha, Najat. Nimekesha na yale maua siku mbili."

"Basi umefurahisha. Mama yangu Bunda amefurahi mpaka hawezi kuongea na mimi." "Luqmani, maisha yangu yote nimelala nilipopangiwa. Mara hii nilikuwa nachagua mahali pa kulala. Pa kulala tu! Sikutaka dunia. Na hicho nacho umenichagulia wewe, ukakipima, ukakipaka na vanishi."

"Nitakwenda kwa mama nimweleze."

"Utamweleza wewe kama nani? Wewe ni nani kwetu?"

Miezi mitatu ya chai ya tangawizi na Luqmani hakuwahi hata kuuliza nyumba ya kina Najat iko upande gani wa Bunda. Najat aliondoka. Aliposhika kona ndipo akalia, kilio cha wazi, hata hakujali anayemtazama.

Bi Hasna alimpokea dukani bila kusimama. Aliendelea kukata kitenge cha mteja, akakikunja, mteja akaondoka.

"Ulikilalia?"

"Mama! Sijakiona hata kwa macho."

"Nakuamini. Lakini nikikuamini mimi ni mmoja, na mtaa una watu wangapi? Rudi nyumbani. Usomee hapa. Butiama utakuwa unakwenda na kurudi."

Najat alihisi mlango unafungwa. Lakini safari hii hakuinama. Alitoa daftari, akaliweka juu ya majora ya vitambaa, akamfungulia mama yake ukurasa. Bi Hasna alivaa miwani. Alisoma safu moja baada ya nyingine, polepole, kama anavyokagua mzigo ulioletwa, mpaka akafika mahali penye weusi wa kifutio.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu, mama."

"Pasipo na kitu hapafutwi." Alivua miwani. Akamtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso ukalegea. "Butiama hii umeichagua wewe, au umeichagua kwa hasira?"

"Niliichagua kabla ya simu yako. Rhobi shahidi."

"Haya, nenda. Lakini neno la pili likifika hapa dukani, na wewe unafika."

Najat akahamia Butiama na godoro, ndoo na vitabu. Godoro akalitandika sakafuni. Rhobi alimwambia kwa fundi wa jirani kuna vitanda, akasema hana haraka. Simu za Luqmani alizipokea? Hakuzipokea. Ujumbe wake aliusoma? Wote, na mara mbili mbili. *Nimekitoa kile kitanda.* Siku nyingine: *Nimemwomba radhi Mama Masatu, naye analia, anasema alidhani harusi.* Halafu zikapita siku tisa kimya, na hizo siku tisa ndizo zilizomkondesha. Aliandika sana. Kurasa thelathini za dagaa, na kila baada ya ukurasa anatazama simu.

"We binti," Rhobi alimwambia asubuhi moja wakinywa uji, "unampenda huyo mtu."

"Nampenda. Halafu?"

"Halafu unalala chini kama mgonjwa."

"Kupenda nampenda, Rhobi. Kuchaguliwa ndiko sikutaki."

Jumamosi, jua limeanza kupoa, pikipiki ya matairi matatu ikasimama nje ya ua wa Mama Mseti. Juu yake kulikuwa na mbao zimefungwa kwa mpira, wala huwezi kujua ni za nini. Luqmani alishuka. Amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kufuma, na penseli iko pale pale sikioni. Hakuvuka lango. Alimwamkia Mama Mseti kwa mbali, akasema ameleta kazi ya mteja, akaomba ruhusa kwake, na akaomba Rhobi na mama mwenyewe wawepo. Rhobi alikuwa anatazama juu, anahesabu kunguru. Ilikuwa wazi nani aliyemwelekeza njia.

Najat alitoka, amefunga khanga kiunoni, wino kidoleni.

"Salaam aleikum," Luqmani alisema.

"Waaleikum salaam."

"Nimekuja na kitanda ulichoagiza. Tatu na nusu kwa sita. Kama hukitaki tena narudi nacho. Kama unakitaka, naomba kwanza nipime mlango."

"Si unaijua milango yote?"

"Nilikuwa najisifu." Hakutabasamu.

Najat akampisha, naye akapima mlango. Akauliza kichwa kikae upande gani. Najat akaonyesha dirishani, kwenye mawe. Akakiunga pale uani kwanza, wote waone, bila msumari hata mmoja: ulimi kwenye tundu, kabari, nyundo ya mti, tok, tok, tok. Najat akaitazama mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni. Mninga, kama wa kile alichosimuliwa na mama.

"Umekikata kile kitanda?"

"Urefu ni ule ule, futi sita. Nimetengeneza kichwa kipya cha futi tatu na nusu, na miguu mipya. Kinafunguka chote. Ukihama leo, kesho, mwakani, unagonga kabari, unakibeba. Popote utakapochagua."

"Na kile kichwa cha maua?"

"Kipo karakana. Nimekifunika kwa gunia." Aliweka nyundo chini, akafuta mikono. "Najat, uliniuliza mimi ni nani kwenu. Nimekaa nalo hilo swali. Nilikosea mlango. Nilianza na wa Kamunyonge, nikaupima, nikaingiza kitanda. Na mlango wa kuanza nao uko Bunda, sijawahi hata kuuona. Nina baba mkubwa Nyamuswa, na yule fundi aliyenilea. Wako tayari. Lakini sitamtuma mtu mpaka useme. Ukisema hapana, kitanda ni chako, kazi nimeshaimaliza. Ukisema ndiyo, utaishi hapa mpaka umalize masomo yako, mimi nitakuwa nakuja na kurudi. Na baada ya hapo mtaa tutauchagua wawili, na kama daftari linahitaji safu, niandike na mimi."

Mama Mseti alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Rhobi alishasahau kunguru.

Najat alimtazama yule mtu, kanzu yake imeshachafuka kwa vumbi la mninga, na moyo ukamjaa. Akatoa simu mfukoni. Akaibonyeza, akaweka sauti kubwa, akainyoosha katikati yao.

"Abee, Najat."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya mkasi ilisikika ikikata kitambaa.

"Mama, Jumamosi ijayo utakuwepo nyumbani?"

Mkasi ukasimama. Luqmani akavua kofia bila kujijua.

"Huyo fundi yupo hapo anasikiliza?"

"Yupo, mama. Yuko uani, na Mama Mseti yupo."

"Shikamoo, mama," Luqmani alisema kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Marahaba. Nitakuwepo, baada ya adhuhuri. Nyumba ina geti la kijani, nyuma ya soko, yeyote atawaelekeza." Bi Hasna akakohoa, na kikohozi kile kilifanana sana na kicheko. "Na waambie wazee wako waje na miguu yao tu. Mtu asiniletee kitanda."